Nyumba Zenye Magurudumu

Kama ungalifika katika mji wa Tampa, jimbo la Florida huko Marekani, mwaka 1919, ungaliona jambo la kustaajabisha. Katika bustani ya mji iitwayo De Soto zilisimama motokaa nyingi, aghalabu Ford za aina ya T, na kando ya kila moja pamefungwa turubai, jiko linafuka moshi, na nguo zimeanikwa juu ya kamba. Wenyewe hawakuwa wakimbizi wala wapiga kambi wa jeshi. Walikuwa wakulima, wachuuzi na mafundi kutoka majimbo ya kaskazini, waliokuja kuikimbia baridi ya kwao. Chakula chao kikubwa kilikuwa cha makopo, na mwaka huo walianzisha chama wakakiita Watalii wa Makopo. Alama ya mwanachama ilikuwa kopo tupu la supu lililotiwa risasi juu ya kifuniko cha rejeta ya motokaa yake.

Yamkini unacheka, msomaji. Hata wenyeji wa Florida walicheka. Walisema kwa mzaha kwamba mgeni wa namna hii huja na shati moja na noti moja, akakaa miezi mitatu, asiibadili noti wala shati. Walakini nakusihi usiwadharau watu hawa upesi. Katika kambi zao ilianza habari ya miaka mia moja na zaidi, habari ya watu walioing'oa nyumba katika ardhi wakaitia magurudumu, wakaishi ndani yake mwaka mzima. Walitazamia raha fulani wakapata nyingine. Waliogopa udhia fulani ukawapata mwingine ambao hawakuonywa na mtu.

Usidhani kwamba nyumba inayohama ni uvumbuzi wao. Nenda Marsabit ukawatazame Wagabra na Warendile wakihama: miti ya nyumba na ngozi na mikeka hupakiwa juu ya ngamia asubuhi, na jioni nyumba ile ile husimama mahali pengine. Tofauti ni hii. Mgabra huhama na jamaa zake, akielekea kisima ambacho haki yake ya kunywa hapo inajulikana. Watalii wa Makopo walihama mume na mkewe, pengine na watoto, katika nchi ambayo karibu kila shubiri ya ardhi ilikuwa na mwenyewe na hati yake. Shika tofauti hiyo, maana nitairudia.

Miji ya Marekani iliwapokea kwanza kwa mikono miwili. Ilifungua viwanja vya bure vyenye maji na vyoo, kwa matumaini kwamba mgeni atanunua mkate na petroli katika maduka ya mji. Kisha motokaa zikawa rahisi, na maskini naye akaweza kununua moja kuukuu, akaja kambini na watoto wake akitafuta kazi ya kuchuma matunda. Hapo ukarimu ukapoa. Katikati ya miaka ya 1920 miji mingi ilianza kutoza ada na kupunguza siku za kukaa, na shabaha ya ada ile haikuwa fedha hasa, ilikuwa kumzuia asiyetakiwa. Kumbe mtu mwenye fedha aliyelala katika motokaa aliitwa mtalii, na asiye na fedha aliyelala katika motokaa ya namna ile ile aliitwa mzururaji.

Tokea hapo nyumba yenyewe ilibadilika. Mwaka 1929 mtaalamu wa vijidudu wa mji wa Detroit, Arthur Sherman, alinunua hema la kukokotwa ili aende likizo pamoja na familia yake. Aliahidiwa kwamba hufunguliwa kwa dakika chache tu. Mvua iliwakuta njiani. Hema likakataa kufunguka, wote wakalowa. Kwa hasira, na hasira imeleta uvumbuzi mwingi duniani, aliagiza litengenezwe sanduku la mbao lenye magurudumu, vitanda na jiko. Watoto wakalipa jina la magari yale ya turubai yaliyokokotwa na ng'ombe, ambayo walowezi wa karne ya 19 walisafiria kwenda magharibi. Sherman alilipenda jina, akapeleka masanduku yake kwenye maonyesho ya motokaa ya Detroit mwaka 1930, na baada ya miaka michache kiwanda chake kilikuwa kikubwa kuliko vyote vya kazi hiyo nchini. Mwaka 1936 Wally Byam naye alitoa trela yake ya alumini iliyoitwa Airstream Clipper, yenye umbo la mviringo kama mwili wa ndege, ikiwa na tangi la maji, taa za umeme na mahali pa kulala watu wanne. Bei yake ilikuwa dola 1,200, na hiyo haikuwa bei ya mtu maskini.

Mwaka huo huo wa 1936 yalitokea mambo mengine mawili ambayo wenye kuisimulia habari hii mara nyingi huyapita.

La kwanza lilitokea katika kijiji cha Orchard Lake, jimbo la Michigan. Mtu mmoja alikuwa akikaa katika trela kando ya ziwa. Akashtakiwa kwamba anaishi katika nyumba ndogo kuliko kipimo kilichowekwa na sheria ya majengo ya kijiji. Shauri lilihusu neno moja tu: hiki ni nini? Kikiwa gari, sheria ya majengo haikihusu. Hakimu aliamua kwamba trela ni makao ya binadamu, maadamu mtu hulala, hupika na hukaa humo, na magurudumu hayaigeuzi hali hiyo. Habari hii ilienea upesi katika magazeti, kwa kuwa wakati huo watu walikuwa wakisema mambo makubwa juu ya trela. Roger Babson, mtabiri mashuhuri wa mambo ya biashara, alikuwa ametangaza kwamba katika miaka 20 nusu ya Wamarekani wataishi katika nyumba za magurudumu. Fikiri hofu ya wenye kukusanya kodi za nyumba na ardhi! Nusu ya taifa ingeondoka usiku, na asubuhi mkusanya kodi angekuta alama za matairi.

La pili lilitokea New York. Tarishi wa posta mwenye asili ya Afrika, Victor Hugo Green, alichapisha kijitabu cha kumwonyesha msafiri mweusi nyumba za wageni, mikahawa na vituo vya petroli vitakavyokubali kumhudumia. Kijitabu hicho kiliendelea kutolewa kwa miaka 30, isipokuwa kilisimama wakati wa vita. Uzito wake unauona mwenyewe. Barabara ile ile ambayo mzungu aliyestaafu aliiimba kuwa ni uhuru, mwenziwe mweusi aliisafiri akihesabu maili zilizobaki kabla ya giza kuingia. Katika miji kadha wa kadha hakuruhusiwa kulala, iwe kitandani au kwenye magurudumu.

Vita Kuu ya Pili ilipoifikia Marekani mwezi wa Desemba 1941, trela zilipata heshima kwa muda. Viwanda vya silaha vilijengwa mashambani pasipo na nyumba. Willow Run, katika Michigan, palitengenezwa ndege za kuangusha mabomu, na wafanyakazi wake walifika zaidi ya 40,000. Wangelala wapi? Serikali ilinunua trela kwa maelfu ikazipanga safu kwa safu, hapo na kwingineko, na hata Oak Ridge katika Tennessee, ambako kazi ya bomu la atomiki ilifanywa kwa siri. Trela hizo aghalabu hazikuwa na choo wala bafu. Mama wa watoto wanne alivuka tope usiku, katika baridi ya kugandisha maji, mpaka nyumba ya kuogea ya watu wote. Waliokaa humo hawakukichagua kikao kile, na vita ilipokwisha wengi walikimbilia nyumba zenye misingi.

Lakini wapo waliobaki kwa hiari, na wengine wakawafuata, mpaka leo. Hapa yafaa tuingie ndani tutazame maisha yenyewe, kwa sababu mtu wa nje haoni ila dirisha zuri linalotazama mlima.

Jambo la kwanza ni maji. Wewe na mimi tuliokua tukichota maji tunajua uzito wa ndoo, walakini mtu wa mjini amezoea kufungua mfereji na kusahau. Katika nyumba ya magurudumu lita moja ni kilo moja inayokokotwa na injini. Tangi la lita 150 ni kama kuwabeba watu wazima wawili. Kwa hiyo mtu hujifunza kuoga kwa maji kidogo: hujilowesha, hufunga mfereji, hupaka sabuni, kisha hufungua tena. Na maji hayapotei yakishatumika. Yale ya kuoshea vyombo na mwili huingia tangi la pili, na ya choo huingia la tatu. Tangi hilo la tatu ndilo mwalimu mkali kuliko wote. Halina huruma na mvivu. Likijaa halina budi kupelekwa mahali palipowekwa, na mwenye nyumba kufunga mpira kwa mikono yake mwenyewe, kufungua kilango, na kuomba Mungu kwamba kiungo hakivuji. Waandishi wote wa maisha haya huonyesha picha za machweo ya jua. Sijapata kuona aliyetundika ukutani picha ya mpira ule.

Kisha iko jokofu. Jokofu la nyumba hizi kwa miaka mingi limekuwa la aina inayotumia moto wa gesi na maji ya amonia badala ya mota, na amonia hiyo hurudi chini kwa uzito wake yenyewe. Nyumba ikisimama upande, maji hayo hayapiti sawasawa, jokofu likaacha kupoza na pengine kuharibika kabisa. Basi kila jioni mtu huweka kipimo cha mafundi sakafuni, husukuma vipande vya mbao chini ya magurudumu, hushuka, hupanda, hutazama tena. Nimefikiri mara nyingi juu ya hilo: mtu amekimbia ardhi, na ardhi humdai kila jioni aipime.

Usiku wa baridi nao una lake. Pumzi za watu wawili katika chumba kidogo cha bati hugeuka maji juu ya madirisha, yakatiririka, godoro likapata ukungu. Na ugomvi? Katika nyumba ya kawaida mtu akikasirika huingia chumba kingine akafunga mlango. Hapa chumba kingine hakipo, na mlango ukiufunga kwa nguvu bawaba hung'oka.

Haya ndiyo udhia. Sasa sikiliza raha, maana ni za kweli. Wewe uliyelala chini ya paa la mabati wakati wa masika unaijua sauti ile ya mvua ambayo hufanya blanketi liwe zito kwa utamu. Wao huipata karibu sana, shubiri chache juu ya uso. Huipata pia raha ya uchache. Nyumba yenye vikombe vinne haina vikombe kumi vya kuosha. Mimi ni mwalimu niliyehamishwa mara tatu, na kila mara nilisimama mbele ya lori nikajiuliza vitu hivi nilivikusanya lini na kwa nini. Kwa hiyo naisadiki raha hiyo bila kuhitaji shahidi. Ipo na raha ya jirani mbaya, kwamba dawa yake ni kuwasha injini.

Walakini raha iliyowashangaza zaidi ni ya jirani mwema. Wengi waliondoka mjini wakitafuta upweke, wakakuta kinyume chake. Katika mtaa mtu hukaa miaka kumi asijue jina la aliye upande wa pili wa ukuta, naye hupata aibu kuuliza sasa. Kambini hakuna wakati wa aibu, kwani jirani ataondoka Alhamisi. Mgeni akifika, watu hutoka kumwelekeza arudi nyuma, kulia, kushoto, simama; mwingine huleta kibao cha kutia chini ya gurudumu; kabla jua halijatua ameshakaribishwa kahawa. Huko Quartzsite, katika jangwa la Arizona, kila majira ya baridi makumi ya maelfu ya magari haya hukusanyika penye mawe na miiba, na watu walioachana mwezi wa Machi hukutana tena mwezi wa Desemba kama ndugu wa ukoo mmoja. Hapo wanakaribia kidogo njia ya Wagabra, ingawa hawajui.

Kisa kimoja cha habari hii kilifika kwetu. Mwaka 1959 Wally Byam aliongoza msafara wa trela 41 kutoka Cape Town kwenda Cairo. Wasafiri walikuwa Wamarekani, wengi wao wamekwisha kustaafu. Byam mwenyewe alikokota trela iliyotiwa rangi ya dhahabu. Njia iliwavunja ekseli, ikawazamisha katika tope, na walipofika Addis Ababa walipokewa na Mfalme Haile Selassie kabla ya kuendelea mpaka Misri mwaka 1960. Ni safari ya ushujaa, na siinyimi sifa. Lakini wewe ni msomaji wa Kenya, na tarehe hizo si ngeni kwako. Msafara ulianzia katika nchi ambayo Mwafrika hakuweza kutembea bila pasi mkononi. Ulipopita Kenya, Hali ya Hatari iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952 ilikuwa bado haijaondolewa. Iliondolewa mwezi wa Januari 1960. Maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru walikuwa wamekwisha kulazimishwa kuhama mashamba yao na kuingia vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, wasiweze kwenda wilaya ya pili pasipo ruhusa. Wazee wao walikuwa wamevaa kipande shingoni tangu zamani za Watalii wa Makopo wenyewe. Hebu fikiri mzee wa namna hiyo amesimama kando ya barabara, akitazama nyumba 41 zinang'aa zikimpita kwenda zipendako.

Byam alifariki mwaka 1962. Wakati huo trela zilikuwa zimegawanyika mafungu mawili. Nyingine zilikuwa zimepanuliwa kutoka futi 8 hata 10, kwa sababu mama wa nyumba alitaka ushoroba na chumba cha watoto; nazo zikawa pana mno kwa barabara, zikaburutwa mara moja tu na kuegeshwa daima, magurudumu yakafichwa chini ya maua. Utabiri wa Babson ulifia hapo. Za fungu la pili zilibaki nyembamba zikaendelea kutembea, na baadaye zikapata injini zao wenyewe.

Waliozikaa mwaka mzima waliongezeka baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, wakati wengi walipopoteza nyumba na akiba za uzeeni. Kampuni ya Amazon iliwaajiri maelfu ya watu wa namna hiyo kwa msimu wa Krismasi, na ukingeweza kumwona mtu wa miaka 70 akitembea maili nyingi kwa siku ndani ya ghala, akirudi usiku katika gari lake nje ya uzio. Mwandishi Jessica Bruder aliyaandika maisha yao katika kitabu mwaka 2017. Ukiliona gari moja kwa mbali huwezi kujua mwenyewe ni wa fungu gani, aliyeuza nyumba au aliyenyang'anywa. Jokofu ni lile lile, tangi la tatu ni lile lile. Mimi naamini raha nilizozitaja huzipata wote wawili, ila mmoja anaweza kuacha.

Na lile swali la hakimu wa Orchard Lake halijalala. Katika sehemu kubwa ya ardhi ya serikali kuu huko magharibi mtu huruhusiwa kukaa siku 14, kisha hana budi kusogea. Leseni ya gari, bima, daktari, kodi na kura, vyote huuliza: unakaa wapi? Kitambulisho chako wewe kinataja hata lokesheni uliyotoka. Basi fikiri mtu ambaye jibu lake la kweli ni kwamba jana alilala kando ya mto na kesho hajui. Katika jimbo la South Dakota imetosha msafiri kuonyesha risiti ya usiku mmoja aliolala hapo ili ahesabiwe mkaaji kwa ajili ya leseni ya gari. Katika Texas, chama kiitwacho Escapees, kilichoanzishwa mwaka 1978, kimeweka makao katika mji mdogo wa Livingston, na maelfu ya wanachama huandika mji huo kuwa ndiko kwao. Mwaka 2000 watu wengine wa wilaya ile walikwenda kupinga wasipige kura hapo, wakisema kwamba si wakaaji wa kweli bali ni anwani tupu.

Barua zao hufika Livingston kila siku. Hupangwa kwa nambari, hungoja, mpaka mwenye barua apige simu kutoka Montana au mpaka wa Mexico aseme wiki hii atakuwa wapi, nazo hufungwa katika bahasha moja kubwa zikamfuata.